Mazoezini mpira unatii, siku ya kadi unakataa: akili ya gofu inafunzwa vipi?

KusiNaKaskazi

Salaam aleikum wapenzi wa gofu wa Pwani. Hendikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayopewa kwa mzunguko, ni 18. Kwenye uwanja wa mazoezi ayoni 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, inafika yadi 140 na inanyooka. Siku ya kadi, yaani ya mashindano, kuna mahali patatu panaponivurugikia: tii ya kwanza (mahali pa kuanzia) watu wakiwa wamejaa verandani, pati (mikwaju ya kusukuma mpira shimoni) za futi 3 na 4, na lile shimo moja baya linalozaa mengine mawili. Kila ninayemuuliza huniambia "tuliza akili" au "jiamini". Hiyo si hatua mtu anaweza kuifuata. Nataka kujua nifanye nini, kwa mpangilio gani, kwa muda gani. Nachezea Nyali zaidi, na mara nyingine yale mashimo 9 ya Mama Ngina.

MkufunziPwani

Wa aleikum salaam, ndugu. Umeuliza vizuri, kwa sababu akili haiamrishwi kutulia; hupewa kazi, na ikiwa na kazi hutulia yenyewe. Kazi hiyo ni utaratibu wa kabla ya mkwaju, uleule kuanzia tii ya kwanza hadi pati ya mwisho.

Gawanya ardhi sehemu mbili. Hatua tatu nyuma ya mpira ni mahali pa kufikiri. Ubavuni mwa mpira ni mahali pa kupiga. Katikati weka mstari wa kuwazia. Wakufunzi Pia Nilsson na Lynn Marriott wanafundisha hivi, na Nilsson ndiye aliyemlea kimchezo bingwa wa Uswidi Annika Sörenstam.

Nyuma ya mstari hesabu umbali, upepo, mpira umelala vipi, hatari iko upande gani, fimbo gani, shabaha gani. Shabaha iwe ndogo. "Feawei", ile njia pana ya nyasi fupi, si shabaha. "Mnazi wa pili kutoka kushoto" ni shabaha. Kisha itamke kwa sauti ya chini: "Ayoni 7, mnazi wa pili, itarudi kulia kidogo." Uamuzi ambao haujaiva hukwama mdomoni, na ukikwama ujue bado una fimbo mbili kichwani. Ukishatamka, vuta pumzi puani kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, mabega yashuke. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana mapigo ya moyo hupungua wakati wa kutoa.

Ukivuka mstari hesabu zimekwisha. Weka uso wa fimbo kwanza, uuelekeze kwenye jani au kovu la nyasi lililo futi 2 au 3 mbele ya mpira kwenye njia ya shabaha. Ndipo miguu. Tazama shabaha mara mbili, piga. Tangu kuvuka hadi kupiga isizidi sekunde 10. Anayeganda juu ya mpira mikono yake hukaza, na maelekezo yote ya bembea (namna ya kuzungusha fimbo) aliyowahi kupewa humrudia kwa pamoja. Kanuni za 2019 zinapendekeza mkwaju usizidi sekunde 40 zamu yako ikifika. Utaratibu huu unaingia kwenye 25 bila haraka.

Tii ya kwanza ina ugonjwa wake, nao ni kasi. Moyo ukienda mbio, fimbo haifiki juu vizuri kabla mikono haijaanza kushuka. Mikono inautangulia mwili, mpira unakwenda kulia au unapigwa kichwani. Kwa hiyo mipira mitano ya mwisho kule mazoezini iwe ya tii ya kwanza: fimbo ileile, shabaha ya kuwazia, utaratibu mzima, na dakika moja kati ya mpira na mpira. Shika fimbo kwa nguvu ya 4 ukihesabu 10 kuwa ndiyo ya mwisho. Hesabu "moja" ukipanda, "mbili" ukishuka. Na kama draiva, fimbo ya mbali kuliko zote, inakutii mara tano tu kati ya kumi, iache mfukoni. Hakuna kanuni inayokulazimisha kuitoa kwa sababu verandani kuna watu.

KediWaMwambao

Kocha kasema kweli, ila mimi naona nusu ya kinachoitwa udhaifu wa akili ni hesabu mbovu. Mchezaji akichagua fimbo isiyofika, mwili unajua, na ndipo anapoivuta kwa nguvu zote. Kisha anasema kichwa kimemsaliti.

Hapa kwetu hesabu ni upepo. Kusi ukishika kuanzia Aprili, na kaskazi kuanzia Disemba, ayoni ile ya mazoezini si ileile. Kadirio linalofaa: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikupiga usoni unakula kama asilimia 10 ya umbali, ukiwa mgongoni unakupa kama asilimia 5 tu. Yadi 150 dhidi ya upepo icheze kama 165. Ukiwa nao, kama 143. Wengi hugawa sawasawa, ndiyo maana kila siku wanaangukia mbele ya grini, zile nyasi laini zenye shimo. Dhidi ya upepo chukua fimbo ndefu zaidi kwa ngazi mbili, shika chini kidogo, piga bembea ya robo tatu. Ukipiga kwa nguvu mpira unazunguka zaidi, unapanda, na upepo unauzuia hukohuko juu. Kule Mama Ngina tazama minazi na bendera, usipime upepo kwa uso wako ukiwa umejikinga nyuma ya mti.

La pili, shabaha ichaguliwe kwa kosa lako la kawaida. Ukiwa ni mtu wa kupinda kulia na kulia ni nje ya mpaka, simama upande wa kulia wa tii, lenga ukingo wa kushoto wa feawei. Una shaka kama mpira umetoka? Piga wa akiba kabla hujasogea, na utamke wazi kuwa ni wa akiba. Usipotamka, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako, na adhabu juu. Kutafuta ni dakika 3, si 5 kama zamani. Mtu anayejua ana mpira wa akiba kule mbele hutembea ametulia.

Angalia Carnoustie 1999. Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, akihitaji 6 tu kwenye pa 4, yaani shimo ambalo kiwango chake ni mikwaju 4. Alichukua draiva, kisha ayoni 2 iliyogonga jukwaa la watazamaji, akaishia kijitoni, akamaliza kwa 7, na Paul Lawrie akachukua kombe kwenye mashimo ya nyongeza. Watu humkumbuka kwa kuvua viatu majini. Mimi naikumbuka ile ayoni 2, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kurudisha mpira mahali salama kwa fimbo fupi na bado abaki na mikwaju ya kutosha.

Kedi wako, yaani mbeba fimbo, mtumie nyuma ya mstari tu. Akupe umbali, upepo na maoni, kisha asogee: kanuni hazimruhusu kusimama nyuma ya mpira kwenye njia ya mkwaju ukianza kuweka miguu. Na usimuulize mpinzani alipiga fimbo gani; hiyo ni adhabu ya mikwaju miwili.

KusiNaKaskazi

Shukran sana, wakubwa zangu. Nimeelewa mstari na hesabu. Je, nikishavuka, shaka ikaja nikiwa nimesimama juu ya mpira? Na pati fupi, je, utaratibu ni huohuo?

PatiFutiTatu

Dada yenu niingie hapo kwenye pati. Shaka ikija, ondoka. Rudi nyuma ya mstari, anza upya, hata kama wenzako wanasubiri. Sekunde kumi na tano zako haziwaumizi kama mpira wa kutafuta porini. Lakini ukiona unaondoka zaidi ya mara mbili kwa mzunguko, uamuzi wako hauivi kule nyuma, na hapo ndipo pa kutengeneza.

Kuhusu pati: kwanza jua idadi, maana watu hujiadhibu kwa pati ambazo hata mabingwa hukosa. Wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour ya Marekani huingiza karibu zote za futi 3, nusu tu ya zile za futi 8, na za futi 20 kama 15 kati ya 100. Ukikosa ya futi 8 ukakunja uso hadi tii inayofuata, unalipia deni lisilo lako.

Ile ya futi 3 au 4 inapotea kwa jicho kabla ya mkono. Mchezaji huinua macho kuufuata mpira kabla haujaguswa, bega la mbele linafunguka, mpira unapita ukingoni. Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary amechunguza macho ya wapiga pati kwa miaka, na mazoezi yaliyotokana na kazi hiyo ni haya: tazama shimo, rudisha macho mahali pamoja nyuma ya mpira, yatulie hapo sekunde 2 hadi 3, piga, na ubaki unatazama palepale kwenye nyasi ulipokuwa mpira kwa robo sekunde nyingine. Sikiliza kikombe cha shimo, usikitafute kwa macho.

Zoezi: tii nne kuzunguka shimo, kila moja futi 3 kutoka kikombeni, mpira mmoja tu, mizunguko mitatu, jumla pati 12 mfululizo. Ukikosa ya 11, unaanza moja. Ile ya 10 hadi 12 ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu mapigo ya moyo hupanda kama siku ya kadi. Kupiga mipira thelathini kutoka mahali pamoja hakufundishi kitu. Baada ya wa tatu unarekebisha tu.

Ila tofautisha na mkono unaoruka wenyewe wakati wa kugusa mpira. Hilo kwa baadhi ya watu ni tatizo la mishipa ya fahamu, na pumzi haitalitibu. Badilisha mshiko: mkono wa kushoto chini, au mkono wa kulia ushike kama kucha. Fimbo ndefu inaruhusiwa, lakini kuiegemeza kifuani au tumboni kumekatazwa tangu 2016.

MkufunziPwani

Ahsante, dada, hilo la mishipa wengi hulisahau. Nimalizie shimo baya.

Hendikapu 18 ina maana kila shimo una mkwaju mmoja wa ziada. Pa 4 kwako ni 5. Kwenye Stableford, yaani mashindano ya pointi, 5 inakupa pointi 2, 6 pointi 1, 7 sufuri. Ukifika mkwaju wa sita mpira haujaingia, okota, pumzika, nenda. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju lazima umalize shimo, lakini kwa hendikapu, mfumo wa dunia ulioanza 2020 unakata shimo hilo kwenye 7. Tisa yako inauma kadi ya siku hiyo tu.

Hasira iruhusu, ila iwe na mpaka: tangu mpira utue hadi fimbo irudi mfukoni. Fimbo ikiingia, macho yainuke juu ya usawa wa bendera, zungumza na kedi mambo mengine, hata mpira wa miguu. Mkwaju unaofuata usiwe wa kurudisha kilichopotea. Kutoka kwenye rafu nzito, yaani nyasi ndefu, ayoni 9 hadi feaweini, basi.

Na joto la Mombasa lisihesabiwe kuwa akili. Anayeharibikiwa shimo la 13 hadi 16 kila wiki mara nyingi amekauka. Nusu lita ya maji kabla ya tii, mafunda machache kila shimo bila kungoja kiu, tende tatu au ndizi baada ya kila mashimo manne. Soda peke yake haitoshi. Wakati wa Ramadhani cheza mashimo 9 alfajiri baada ya daku, usijaribu 18.

Kwenye kadi ongeza safu moja. Kila mkwaju uliopiga ukiwa huna shaka, weka nukta, hata kama ulienda vibaya. Mwisho gawanya nukta kwa mikwaju yote, pati ndani. Kama una nukta 60 kati ya mikwaju 92, usiguse bembea mwezi huo. Fanya kazi nyuma ya mstari. Ukifika nukta 80 na kadi bado ni mbaya, njoo uwanja wa mazoezi, hapo shida ni fimbo na mikono.