Mswada wa tafakari umekamilika: nichapishe mwenyewe, nilipie kampuni, au niendelee kumsubiri mchapishaji?

MswadaDrooni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina mswada wa tafakari 40 kwa ajili ya waliofiwa, ambao niliuanza majuma machache baada ya kumzika mama yangu na kuukamilisha miaka minne baadaye. Sasa nalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni mchapishaji wa Kikristo anayebeba gharama zote na kumlipa mwandishi mrabaha, yaani mgawo wa mauzo. Mmoja amekaa na mswada wangu miezi 11 bila neno, na mwingine aliniuliza nina wafuasi wangapi mtandaoni, swali ambalo jibu lake lilikuwa fupi mno. Ya pili ni kampuni inayolipwa na mwandishi ili ifanye kila kitu kwa kifurushi kimoja. Hiyo iliusifia mswada siku mbili tu baada ya kuupokea. Ya tatu ni kuchapisha mwenyewe mtandaoni, ambako nakala huchapwa pale tu msomaji anapoagiza.

Niseme pia kinachonizuia kuliko fedha. Sikusomea theolojia, si mtumishi wa madhabahuni, na kila nikiufungua mswada najiuliza ni nani aliyenituma. Wakati mwingine nahisi naivutikia njia ya pili kwa sababu tu huko kuna mtu aliyenikubali.

NakalaMoja

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuumaliza mswada. Nimechapisha vitabu viwili kwa njia ya tatu, kwa hiyo nitashughulikia hesabu na kuwaachia wengine hilo la moyoni.

Kwenye KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, hulipi chochote kuweka kitabu. Kitabu cha kielektroniki humpa mwandishi asilimia 35 au 70 ya bei. Hiyo 70 hutaka bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99, na ni kwa mauzo ya nchi zilizo kwenye orodha yao tu, hivyo kama wasomaji wako wengi wako nje ya orodha hiyo, piga hesabu kwa 35. Kwa kitabu cha karatasi mgawo wa mwandishi ni asilimia 60, lakini tangu Juni 2025 umekuwa 50 kwa vitabu vinavyouzwa chini ya dola 9.99, na gharama ya kuchapa hukatwa kwenye mgawo wako, wala si kwenye wao. Kitabu chembamba cha bei nafuu, ambavyo ndivyo vitabu vingi vya tafakari, huumia hapo hapo.

Wageni hunaswa na mambo mawili. KDP hukupa ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya bure kwa kitabu cha karatasi, lakini huwezi kuitumia kwingine. Ukitaka kitabu hicho hicho kipitie IngramSpark, huduma nyingine ya kuchapa kwa agizo, ambayo maduka ya vitabu huweza kuagiza kwayo, tafuta namba yako mwenyewe. Ziko nchi, kama Kanada na Afrika Kusini, ambako namba hizo hutolewa bure, na ziko nyingine, kama Marekani na Uingereza, ambako hununuliwa. La pili ni mpango wa KDP Select: ukiuingia, nakala ya kielektroniki haitakiwi kuonekana popote pengine kwa siku 90, hata kwenye tovuti yako.

NilikwishaLipa

Dada au ndugu, sentensi yako ya mwisho imenigusa, kwa maana mimi nililipia kifurushi kwa sababu hiyo hiyo.

Kampuni yenyewe siitaji. Walinipigia simu, wakaomba pamoja nami, wakasema ujumbe wangu unahitajika katika saa hii. Nililia. Baada ya kulipa niligundua kwamba "uhariri" ulikuwa ni programu ya kusahihisha tahajia, kwamba faili la jalada lilikuwa mali yao, na kwamba nakala za kuwagawia watu wa kanisani kwangu nilipaswa kuzinunua kutoka kwao kwa bei waliyojipangia. Nilipotaka kuondoka, nilionyeshwa kifungu cha mkataba nilichokuwa nimekitia sahihi kwa furaha bila kukisoma.

Sisemi kila kampuni ya kulipia ni ya ulaghai. Wapo wanaofanya kazi ya kweli kwa ujira wa kweli, na mtu asiye na muda anaweza kufaidika nao. Waulize kwa maandishi nani atamiliki faili za ndani na za jalada, haki zinarudi kwako lini na kwa taarifa ya siku ngapi, nakala moja utaiuziwa shilingi ngapi, na nani hasa atauhariri mswada. Halafu uliza swali ambalo mimi sikuliuliza: wamewahi kuukataa mswada wa nani? Anayepokea kila mswada hawezi kukupa kibali, hata akikisema kwa machozi.

KalamuNyekundu

Nafanya kazi ya uhariri, kwa hiyo nitatetea tumbo langu kidogo. Katika njia ya tatu, fedha ambayo hukumlipa mtu wa kifurushi unapaswa kuigawa kwa mhariri na kwa mchoraji wa jalada. Kama inatosha mmoja tu, mpe mhariri.

Kuna jambo la kisheria ambalo waandishi wa Kikristo hulipita kwa kasi, wakidhani Neno la Mungu halina mwenye haki. Neno halina, tafsiri inayo. Tafsiri ya Kiingereza ya NIV, kwa mfano, huruhusu kunukuu hadi aya 500 bila kibali cha maandishi, mradi aya hizo zisifikie asilimia 25 ya maandishi ya kitabu chako wala zisikamilishe kitabu kizima cha Biblia, na tamko la hakimiliki liwekwe mbele. Tafsiri nyingine zina viwango vyake. Tafakari 40, kila moja ikianza na fungu refu, zinaweza kuigusa hiyo robo kabla hujatahamaki, hasa kama tafakari zako ni fupi. Hesabu sasa, kabla ya kupanga kurasa.

Kuhusu kujiamini, nina dawa kavu tu: tafuta wasomaji watano ambao si marafiki wa kukupendeza, wawili kati yao wawe wamefiwa karibuni, na uwaombe waweke alama mahali walipoacha kusoma. Usiwaulize kama wamebarikiwa. Watasema wamebarikiwa.

MzeeWaIbada

Mimi ni mchungaji, na nimecheka hapo kwenye kubarikiwa, maana ndivyo tunavyoambiwa mlangoni kila Jumapili.

Ndugu mwandishi, soma upya aya nne za kwanza za Luka. Anakiri wazi kwamba wengi wamekwisha kuandika habari hizo, tena kwamba yeye anazipokea kwa walioziona kwa macho. Hadai maono wala cheo. Anachosema ni kwamba amejitafutia usahihi tangu mwanzo na ameona vema naye aandike kwa taratibu, na anamwandikia mtu mmoja, Theofilo. Swali lako la nani aliyekutuma ni zuri, lakini nadhani umelielekeza kwenye vyeti, ilhali msomaji wako aliyefiwa anataka kujua kama unajua unachokisema kuhusu usiku wa tatu baada ya mazishi.

Hata hivyo, kutosomea theolojia kuna bei yake. Mahali unapofundisha juu ya ufufuo au hali ya wafu, mpe mtu aliyesoma apitie, naye aruhusiwe kukukatalia.

SubiraYaKazi

Naona sote tumeisahau njia ya kwanza. Mchapishaji alinikataa mara mbili, na barua yake ya pili ilikuwa na kurasa mbili za maelezo ambayo yaliokoa kitabu changu. Ukimya wa miezi 11, lakini, si jibu. Mwandikie kwa adabu kwamba unauondoa mswada, kisha uwe huru.

MswadaDrooni

Asanteni sana. Barua ya kuuondoa mswada nimeituma leo asubuhi, na kampuni ya kifurushi niliiuliza maswali ya NilikwishaLipa. La nani atahariri limejibiwa kwa kunipa punguzo la bei.

Nimehesabu aya kama alivyoshauri KalamuNyekundu. Nukuu zilikuwa karibu theluthi ya maandishi yote, jambo lililoniaibisha, kwa kuwa nilipozifuta katika tafakari ya saba niliona nilikuwa nimejificha nyuma yake: mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika mistari mitatu. Nitaiandika upya hiyo, na nyingine nne zinazofanana nayo, ndipo niwape wale wasomaji watano. Wawili waliofiwa nimekwisha kuwapata. Mchungaji, je, kwa zile mbili zinazogusa ufufuo, unaweza kuwa wewe wa kunikatalia?

MzeeWaIbada

Zilete.