Nimeombwa kuwashauri watafiti wa kisukari, nitasema nini mbele ya maprofesa?

MamaKayole: Hamjambo wapendwa. Nina kisukari mwaka wa 9 sasa, najidunga insulini. Juzi kliniki daktari aliniomba niingie kwenye kamati ya wagonjwa watakaoshauri utafiti kabla haujaanza. Sitatolewa damu, kazi ni kupitia fomu ya ridhaa na kutoa maoni. Kikao ni Alhamisi.

Nimekwama ukurasa wa pili. Wanataka mtu afike saa mbili asubuhi bila kula tangu jioni. Mimi kufika mjini saa hiyo natoka Kayole saa kumi na moja na nusu, kwa vile msongamano wa Jogoo Road mnaujua. Siku moja sukari ilinishuka ndani ya matatu: mikono inatetemeka, jasho tele, konda akadhani nimelewa. Nataka kulisema hili, lakini niliishia darasa la nane. Wasije wakaona nawapinga?

BabaShiro: Dada, simulia hiyo siku ya matatu vile vile ulivyoandika hapa. Ndiyo uliyoitiwa.

NesiMstaafu: Mwanangu, uliza kwanza kama pendekezo la utafiti limeshapita kamati ya maadili, ile inayoidhinisha utafiti. Kama bado, kubadilisha saa ni kufuta mstari tu. Likishaidhinishwa, badiliko lazima lirudishwe huko, na wengi huona uvivu. Halafu waulize kama kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 hakiwatoshi, maana hicho hakihitaji kufunga. Wakishikilia kufunga, wa insulini wapimwe wa kwanza, waelezwe mapema dawa ya asubuhi hiyo waifanyeje, na chai na mkate viwe tayari.

KijanaWaMajengo: Uliza pia matokeo yatarudi kwa wagonjwa lini, na iandikwe. Wanawake wa huku Majengo, Nairobi, wamefuatiliwa na watafiti tangu 1985; kwao ndiko dunia ilikojifunza kwamba wapo wasioambukizwa VVU ingawa wamekutana navyo mara nyingi. Damu ya mtaa ikifundisha dunia, mtaa nao uambiwe. Na nauli ya kikao usione haya kuidai.

MamaKayole: Asanteni sana. Nesi, hicho kipimo sikukijua, nimekiandika nyuma ya fomu. Ukurasa wa nne wanasema watachukua mililita 10 za damu kwa mshiriki. Mwenzangu anadhani ni chupa nzima, hataki kushiriki utafiti ukianza. Ni kiasi gani?

NesiMstaafu: Vijiko viwili vya chai. Waambie waandike hivyo hivyo.