Bodi ina pini 40, PDF inaeleza nusu yake! Huu si utapeli?

Wakuu, leo mnivumilie, nimefura.

Nina kikompyuta cha bodi moja cha bei chee, chipu yake H616 ya Allwinner, nakitaka kiendeshe mashine ya kutotolesha vifaranga: rilei (swichi za umeme) za taa, feni na mota ya kugeuza mayai. Jina la kampuni naliacha. Boksini wamejinadi pini 40 za kuunganishia waya, "sawa na Raspberry Pi", ile kompyuta ndogo maarufu. Fungua PDF yao ya maelezo ya pini sasa: pini kibao zimeandikwa NC, eti haziendi popote.

Haziendi popote wapi! Nimefunga LED na risista kwenye mojawapo, nikazipitia laini (nambari ambazo Linux inazipa pini za chipu) moja moja kwa gpioset, amri ya kuwasha na kuzima pini. Kufika 262, taa hiyooo. Na 262 si uchawi, ni PI6, yaani pini namba 6 ya kundi I, na kila kundi lina nafasi 32: kundi A ni 0, kwa hiyo I ni 8, nane mara 32, jumlisha 6. Waliochora bodi wanalijua hilo, wameshindwa kuandika mstari mmoja?

Kinachoniuma zaidi ni gpioinfo, amri ya kuorodhesha laini zote. Kwenye Raspberry Pi unakuta majina, GPIO17 inaitwa GPIO17. Huku ni unnamed, unnamed, unnamed mpaka macho yanauma, wakati kwenye device tree, faili la kuielezea Linux vifaa vya bodi, kuna sehemu kabisa ya kujaza majina, gpio-line-names. Laini 210 imeandikwa unused. Naishusha tu, Wi-Fi kwisha habari! Kumbe ndiyo reseti yake. Sasa hapo unused maana yake nini? Na hizi pini ni za volti 3.3 jamani, mtu anayepapasa hivi akaja kugusisha waya wa volti 5, bodi imekwenda na maji, na waranti watamwambia kaunguza mwenyewe.

Mwongozo wao nao bado unafundisha /sys/class/gpio, njia ya zamani ya kuendesha pini ambayo Linux iliipa kisogo tangu kerneli 4.8, mwaka 2016.

Nikawaandikia huduma kwa wateja niombe mchoro wa saketi. Wamenijibu kwa heshima zote, wakaambatanisha PDF ileile.

Mwenye mchoro wa bodi yoyote ya H616 yenye pini 40 autupie hapa, nilinganishe. Pini 26 bado haijajibu laini yoyote. Na wale wa "si ununue Pi tu", bei yake mnaijua, nitumieni hela kwanza.