Picha zangu za milima ya Lake District zinatoka bapa. Nakosea wapi?

Mwana wa Likoni

Assalaam aleykum wadau, na habari za jioni kwa wote.

Mimi nimezaliwa Likoni, huu ni mwaka wangu wa tatu Manchester, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Machipuko haya nimeanza kwenda Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, siku zangu za mapumziko: treni mpaka Penrith, kisha basi mpaka Keswick. Jumamosi iliyopita nilipanda Catbells. Mita 451 tu, lakini ni mara yangu ya kwanza kusimama juu ya mlima na kuona ziwa liko chini ya miguu yangu. Derwentwater lote wazi, na visiwa vyake, mji wa Keswick kule mwisho, na nyuma ya mji Skiddaw ikiwa bado na theluji kichwani. Nilikaa chini nikanyamaza.

Nilipiga picha 212. Nilipozifungua nyumbani moyo uliniuma. Ule mlima ulionijaa machoni umekuwa kichuguu. Mbingu nyeupe kama karatasi. Ziwa kama bati. Halafu kila mahali kahawia, na mimi nilidhani machipuko maana yake ni kijani.

Kamera ni ya mtumba, lenzi ni ile iliyokuja nayo, ya milimita 18-55 (18 inaona pana, 55 inavuta karibu). Stendi sina. Kileleni nilifika saa tano asubuhi. Nataka picha moja tu nzuri, niichapishe kubwa nimpelekee mama aitundike sebuleni. Kila nikimweleza kwa simu huku kulivyo ananiambia, "Nionyeshe." Nisaidieni.

Fundi Lenzi

Mkuu, hiyo lenzi ya kuanzia iuze. Mandhari yanataka lenzi pana, tafuta 10-18. Utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Mtu wa Muheza

Waaleykum salaam, ndugu yangu wa Likoni. Kwa heshima zote kwa Fundi Lenzi, usiuze kitu. Mimi natembea milima hiyo mwaka wa tisa sasa, na picha iliyoko ukutani kwangu nimeipiga kwa lenzi kama yako.

Nakisia picha zako karibu zote umepiga kwa 18. Umeona mandhari makubwa ukataka yote yaingie. Lenzi pana inaingiza kila kitu, ndiyo, lakini kilicho mbali inakisukuma mbali zaidi. Skiddaw ina mita 931, ila kutoka Catbells iko ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kwenye 18 lazima iwe kichuguu. Zungusha lenzi mpaka 55, chagua kipande kimoja: kilele, theluji yake, na ukingo wa ziwa chini yake. Mlima utarudi kuwa mlima. Ile 18 iweke kwa siku utakayokuwa na kitu mbele ya miguu yako, jiwe, gati, mashua iliyofungwa. Hapo ndipo lenzi pana inapofaa, kwa kilicho karibu.

La pili ni jua. Catbells iko magharibi ya ziwa. Asubuhi ukiwa juu yake unatazama maji, jua linakuja usoni pako, na saa tano limeshapanda, vivuli vimekuwa vifupi. Mlima hauonekani umbo lake bila kivuli. Badala ya kupanda, kaa chini, tena upande wa pili. Kuna gati la mbao la Ashness, ufuko wa mashariki. Katikati ya Aprili jua hutoka kama saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Fika nusu saa kabla. Nyuma yako kuna miamba inayolizuia jua, kwa hiyo wewe na maji mnabaki kivulini, na mwanga unaanza kugusa kilele cha Catbells kwanza, rangi ya chungwa, halafu unateremka polepole kama mtu anashusha pazia. Una dakika chache sana. Kangaga zilizokufa tangu vuli, ndizo hizo kahawia unazolalamikia, zikipigwa na mwanga huo zinawaka kama makaa. Usizichukie. Kijani kitakuja Mei na kitafunika kila kitu, na mimi kwa kweli naupenda Aprili zaidi, kwa sababu mlima bado una mifupa yake inayoonekana.

Maji kutulia ni bahati ya alfajiri. Usiku ukiwa mkavu, mbingu wazi, hakuna upepo, asubuhi yake ziwa ni kioo, na mara nyingine ukungu unalala juu ya maji. Jua likishapasha nchi upepo unaanza na kioo kinavunjika. Ndiyo maana ziwa lako lilikuwa bati.

Mbingu nyeupe: siku ya mawingu mazito usiipige mbingu kabisa. Inamisha kamera. Panda bonde la Borrowdale ukatafute maji yanayoporomoka na miti. Kijiji cha Seathwaite kiko humo, pahali panapopokea mvua nyingi kuliko pote wanapokaa watu Uingereza, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, kwa hiyo vijito havikauki. Siku ya mawingu yaliyokatika katika ndiyo bora kuliko zote. Jua linapita milimani madoa madoa. Chagua mlima mmoja, tega kamera, subiri doa lifike. Mimi nimewahi kusubiri saa moja na robo pale ziwa la Buttermere doa lifike kwenye Fleetwith Pike. Lilikaa kama sekunde ishirini.

Piga kwa faili ghafi (RAW), siyo jipegi (JPEG), na uangalie mwanga wa mbingu usipitilize. Kivuli unaweza kukiinua baadaye kwenye kompyuta, lakini mbingu iliyoungua hairudi. Uwazi wa lenzi f/8 mpaka f/11, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga). Stendi nunua hata ya mtumba, mradi nzito. Ukipata filta ya polaraiza ni nzuri kwa kuondoa mng'ao wa majani mabichi na mawe yaliyolowa, ila mbele ya ziwa iguse taratibu: ukiizungusha mpaka mwisho inafuta kivuli cha mlima majini, na hicho ndicho ulichokiamkia.

Dada wa Lancaster

Kaka zangu mmesema mengi ya kamera, mimi niseme ya mwili. Mwana wa Likoni, alfajiri ya Aprili huko ni baridi ya kuuma mifupa, hata kama mchana utavua koti. Vidole vikifa ganzi hupigi picha. Glavu mbili, nyembamba ndani. Chai kwenye chupa. Mabuti yanayoshika, maana mawe ya juu ya Catbells yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza.

Na usitegemee simu peke yake kwa ramani. Mwaka jana nilikuwa Haystacks, mita 597, siyo mrefu, lakini juu kumejaa vibonde na mawe, na ukungu ukashuka ghafla. Nilizunguka nikajikuta pale pale kwenye kiziwa nilichokipita mara ya kwanza. Simu ilizima kwa baridi. Nilikaa chini, nikatoa dira na ramani ya karatasi, nikashuka hatua kwa hatua. Tangu hapo sipandi bila hivyo viwili.

Chukua leso ya pamba. Mimi nina mbili: moja naifunika kamera mvua ikija, nyingine natandika napopiga magoti kwenye majani yaliyolowa.

Kuanzia katikati ya Aprili utakuta kondoo wa Herdwick wanazaa. Watoto wao huzaliwa weusi tititi, kisha hugeuka kijivu wakikua. Wapige kwa mbali, mama zao wasitishike.

Mwana wa Likoni

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimerudi jana.

Nililala hosteli Keswick, nikatoka saa kumi na nusu alfajiri na tochi ya kichwani, kwa miguu mpaka gati la Ashness. Nilikuwa peke yangu. Maji yalikuwa yametulia kweli, mpaka nikaogopa kusogeza mguu kwenye mbao. Mwanga ukagusa kilele kama alivyosema Mtu wa Muheza, ukaanza kushuka, na Catbells ya pili ikawa inapanda majini kuja kukutana nao. Nilipiga picha kumi na tisa tu. Lenzi ilikuwa kwenye 48.

Jana usiku nilimtumia mama moja kwa simu. Akapiga hapo hapo, hakunisalimu hata, akauliza hii ni asubuhi au magharibi, na baridi ilikuwa kiasi gani, na nani alikuwa nami. Kisha akaniambia niichapishe kubwa, upana wa kochi.

Sasa swali jipya kwa Fundi Lenzi na wengine: kwa upana wa mita moja na nusu, karatasi au turubai? Sebule ya nyumbani ina dirisha la upande wa bahari, unyevu na chumvi havikosekani.