Lengai si matembezi ya jioni! Kampuni za utalii acheni kutudanganya

Wakuu, leo siku ya nne tangu nipande Lengai, ule mlima wa volkano karibu na Ziwa Natron, na bado ngazi za nyumbani nashuka kinyumenyume. Magoti yanawaka moto. Acheni niseme.

Tangazo lao: "Ol Doinyo Lengai, mita 2,962 tu, nusu ya Kilimanjaro, hata anayeanza anaweza." Nusu ya Kilimanjaro! Kule unapandishwa pole pole siku tano, sita, wapagazi wamebeba mpaka meza. Lengai ni zaidi ya mita 1,500 za mwinuko kwa usiku mmoja, maji hakuna, kivuli hakuna, na chini ni majivu ya volkano: unapiga hatua moja, unarudi nusu.

Hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni muda. Kijiji kizima cha Engare Sero, pale chini ya mlima, kinajua mlima ule unaanzwa saa tano, sita usiku, ili uwe umeshashuka kabla jua la Natron halijakolea. Sisi tulianza saa tisa na nusu! Kisa? Jamaa walifika mageti ya njiani hawana hela ya ushuru. Tukakaa garini wakimpigia bosi wao Arusha awatumie kwa simu, bosi hapokei. Na sisi tulishalipa kila kitu, "mageti ndani".

Tochi za kichwani nne, watu saba. Nilipanda nimeng'ang'ania begi la aliye mbele yangu, ndani ya mifereji iliyochongwa na mvua. Wa juu akikanyaga vibaya unasikia tu "jiwe!", linakotokea hulioni.

Kileleni tulifika saa tatu asubuhi. Sikatai, kupo kwa kuona: lava nyeusi kama oili chafu inarukaruka shimoni, na ile iliyopoa zamani imekuwa nyeupe kama chokaa. Niliitazama dakika kumi, roho iko kwenye chupa. Walitupatia maji lita moja moja tu, yangu ilibaki kidole.

Kushuka ndiyo balaa. Jua utosini, majivu yanarudisha joto usoni. Dada mmoja akakaa chini, akaanza kuongea vitu havieleweki. Mwakilishi wa kampuni? Amelala garini. Aliyemnusuru ni kijana wa Kimasai aliyetuongoza, kavaa katambuga zake. Akampa maji yake yote, akamfunika kichwa kwa shuka lake, akamshika mkono mpaka chini. Yeye mwenyewe midomo imempasuka kwa kiu.

Juzi nikaandika kwa adabu kabisa, nikaomba warudishe hata nusu ya hela. Nikajibiwa: "Sasa dada, kileleni si mlifika?"

Nilipowauliza habari za yule dada, wakanibloku. Kuna yeyote hapa aliwahi kurudishiwa hela na kampuni ya aina hii? Alianzia wapi? Risiti ninazo, meseji ninazo, na sina haraka.