Nimekosa mkopo, niko chuo kidogo cha binafsi Moshi. Niahirishe mwaka au nikomae?

BintiHedaru

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za jioni.

Niko mwaka wa kwanza, shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili, chuo kidogo cha binafsi hapa Moshi. Kwetu ni Hedaru. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, mama anauza karanga na mayai ya kuchemsha stendi.

Mkopo nilikosa kwa sababu ya cheti cha kifo cha baba. Nilikipakia bila kukihakiki RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, na Bodi ya Mikopo walipofungua dirisha la marekebisho simu yangu ilikuwa mbovu. Nimekuja kupata taarifa limeshafungwa. Ada ni milioni moja na laki tatu. Mjomba alitoa laki nne, mama akaongeza laki na nusu. Sasa tuko wiki ya nane ya muhula wa pili, na mwenye deni hapewi kibali cha mtihani.

Nimepanga Rau na mwenzangu, chumba elfu thelathini tunagawana. Asubuhi nakunywa chai na chapati moja, mchana mara nyingi napitisha. Wenye bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, hawanitengi, ila siku hela zikiingia naona aibu kukaa nao kantini, naenda maktaba.

Muhula wa kwanza nilipata GPA (wastani wa alama) ya 3.9. Niahirishe nikatafute hela? Niache, mwakani niombe upya chuo kikubwa cha serikali? Au nikomae hapa? Darasani tuko 41, vikundi vyenyewe ni kwaya na mpira. Rafiki yangu yuko Dodoma, akinisimulia ya kwao najiona kama sijafika chuo.

MpagaziMsomi

Pole sana mdogo wangu. Mimi niliahirisha mwaka mmoja nikabebe mizigo ya watalii mlima Kilimanjaro, maana msimu wa kuanzia Juni una kazi. Mzigo mwisho kilo 20, unapimwa getini. Hela niliipata, lakini nyumbani wakaizoea, mwaka ukawa miwili. Niliporudi wenzangu walikuwa wanavaa majoho. Kama kuna njia nyingine, ijaribu kwanza.

MwalimuWaKibosho

Binti, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Hapo kwenye kukimbilia maktaba siku ya bumu nimejiona mwenyewe.

Nilisoma chuo kidogo upande wa Arusha, darasa letu tulikuwa 29. Muhula wa pili nilianza kujificha kwa deni la ada. Nikimwona mhasibu nazunguka nyuma ya bwalo. Kipindi kikikaribia kuisha natoka kabla majina hayajaitwa. Mwalimu wa Fasihi akanisimamisha mlangoni: "Mbona siku hizi hukai mbele?" Nililia pale pale. Alinipeleka mwenyewe kwa mlezi wa wanafunzi, na huko ndiko nilikojua kwamba msaada ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ila haukubandikwa ubaoni. Deni liligawanywa mafungu matatu, nikaandikiwa kibali cha muda cha kufanyia mtihani, na likizo ndefu nikapewa kazi maktaba: kurudisha vitabu kwenye rafu, kubandika namba, kufuta vumbi. Elfu tano kwa siku. Haikupita mkononi mwangu, ilikwenda moja kwa moja kwenye ada.

Kwa hiyo usisubiri wiki ya kumi na nne. Andika barua kwa mlezi wa wanafunzi, nakala kwa mkuu wa idara yako. Taja umelipa kiasi gani, unadaiwa kiasi gani, unaweza kuleta kiasi gani na tarehe gani. Ambatisha matokeo yako. Na ukiingia ofisini sema kwamba mchana huli. Sema hivyo hivyo. Mimi hilo nililificha, nikaugua vidonda vya tumbo mwaka wa pili.

Umesema unajiona kama hujafika chuo. Kuna mapungufu, sikufichi: kitabu kimoja cha Historia ya Afrika kilikuwa nakala mbili, tulisoma kwa zamu hadi usiku. Lakini utafiti wangu wa mwaka wa tatu msimamizi aliusoma sura kwa sura, akasahihisha hadi mkato. Alipohitaji mtu wa kurekodi masimulizi ya wazee Old Moshi aliniita mimi, akanilipa, kwa sababu alinijua. Nilipoitwa usaili wa ualimu Sekretarieti ya Ajira, niliulizwa andalio la somo na azimio la kazi. Ukubwa wa chuo changu haukuulizwa na mtu.

Hiyo 3.9 ni daraja la pili la juu. Na vyuo vikitafuta wasaidizi wa wahadhiri huanzia 3.8. Ukianza upya kwingine unaiacha hapo hapo.

DadaSteshenari

Nina steshenari Moshi mjini, kila mwaka najazia wanafunzi maombi ya mkopo. Mdogo wangu, anayeendelea na masomo naye anaruhusiwa kuomba, almuradi amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Ndiyo maana ukikosa mtihani huu unajifungia na mlango wa mkopo.

Uhakiki wa RITA uanze sasa hivi, usingoje dirisha. Unafanyika mtandaoni, unapakia cheti cha kifo na chako cha kuzaliwa. Angalia majina ya baba yafanane herufi kwa herufi kwenye vyeti vyote. Wengi ninaowaona wanarudishwa kwa herufi moja. Fomu ya mkopo inataka sahihi ya mwenyekiti wa kijiji na muhuri wa wakili au hakimu, kwa hiyo ukienda Hedaru malizana na mwenyekiti kabisa. Ada ya maombi ni elfu thelathini, anza kuiweka pembeni. Ukipata, hela ya chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku. Njoo na vyeti, kuskani sitakutoza.

BintiHedaru

Asanteni sana. Kaka Mpagazi, nimekuelewa, siahirishi. Mwalimu, leo asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa idara kabla sijapoteza ujasiri. Alisoma matokeo, akaniuliza nimekula nini, nikamwambia ukweli. Amenipangia kuonana na mlezi wa wanafunzi Alhamisi saa nne. Barua nimeiandika ukurasa mmoja, laki mbili naahidi kuleta mwisho wa mwezi, mjomba amekubali.

Dada, nimempigia mama. Cheti cha baba kimeandikwa Elia, changu cha kuzaliwa Eliya. Hii naanzia wapi kurekebisha, Same au hapa Moshi?

DadaSteshenari

Anzia ofisi ya mkuu wa wilaya Same, vizazi na vifo viko pale. Waulize cheti kipi ndicho cha kusahihisha. Beba vyote viwili, halisi, na mama aje na kitambulisho chake cha taifa.