Faida ya kampuni: tugawane, au ibaki ndani?

Wa Pasiansi: Wadau, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mimi nasema faida ibaki kwenye kampuni kama uongozi una kazi ya kuifanyia. Buffett, yule mwekezaji Mmarekani, alishika Berkshire Hathaway 1965 ikiwa kampuni ya nguo, na gawio, yaani faida ya kugawia wanahisa, alitoa mara moja tu, 1967. Nani kati ya wanahisa wake analia?

Binti Sengerema: Kwani Buffett yuko kwenye bodi zetu? Nina hisa za kampuni moja, jina naliacha. Kila mkutano mkuu tunaambiwa "tunapanua". Fungua taarifa ya hesabu uone: mauzo yamelala, gharama za utawala zinapanda, magari mapya yapo. Bora wanipe changu.

Mzee wa Makoroboi: Gawio lenyewe linakatwa kodi ya zuio, asilimia 5 kwa kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa la Dar, 10 kwa ambayo haijaorodheshwa. Mmelipigia hesabu hilo? Halafu binti, wewe si ndiye wa dagaa pale mwaloni? Mizania waachieni waliosomea.

Wa Pasiansi: Mzee, tusifike huko. Hoja yangu ni hii: faida ya nguo Buffett hakuirudisha yote kwenye nguo. 1967 akanunua kampuni ya bima, na 1985 akafunga viwanda vya nguo kabisa. Kubakiza faida si kuirudisha palepale inapopotea. Watu wa Mwanza habari za kiwanda cha nguo hatuhitaji kusimuliwa.

Binti Sengerema: Shikamoo mzee. Nakuheshimu, ila hilo silimezi. Giza la mwezi likiingia dagaa wanajaa Kirumba, bei inaanguka, wenye mitaji wanaogopa, mimi ndipo naweka stoo. Gunia nalifungua, nachota chini kabisa, nasugua kiganjani: walioanikwa mchangani wanaacha chenga, walioanikwa kwenye kichanja hawaachi. Kununua kitu kizuri chini ya thamani yake, mwalimu Graham alikuwa anamfundisha nini Buffett pale chuo cha Columbia kama si hicho?

Mvuvi Ukerewe: Dada, wa mchangani umewaonea. Kichanja ni gharama, nyavu za kuanikia ni gharama, na mnunuzi anatupa bei ileile. Ongezeni bei kwanza.

Binti Sengerema: Bei ileile kwa nani? Mimi wa kichanja nawalipa zaidi, uliza Kirumba nzima.

Mzee wa Makoroboi: Marahaba. Sikumtukana mtu. Nimesema kila mtu na fani yake.

Nyakato Juu: Umemtukana, mzee. Na ndiyo maana mwanahisa mdogo akisimama mkutanoni kuuliza gharama anaambiwa akae. Mwenye hisa 200 na mwenye hisa milioni mbili wote ni wamiliki.

Wa Pasiansi: Turudi kwenye mada jamani. Benki ya NMB iliuzwa shilingi 600 kwa hisa 2008, benki ya CRDB 150 mwaka uliofuata. Waliokaa nazo wamepata gawio na bei imepanda. Vyote viwili vinawezekana uongozi ukiwa mzuri.

Nyakato Juu: Sasa uongozi mzuri utaujuaje bila kuuliza? Mkutano uko Dar au Arusha, nauli ya basi inameza gawio.

Mvuvi Ukerewe: Dada Sengerema, wa kichanja unalipa kiasi gani kwa gunia? Ninao kumi na moja.